Nasaba Isiyo na Mama

Mwezi wa Agosti mwaka 2023, mtama ukiwa umekwisha kuingia ghalani, mwana wa mdogo wangu alinijia hapa Manyoni kutoka Itigi. Kwapani alikuwa na karatasi kubwa iliyokunjwa ndani ya bomba la plastiki. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za watoto na za mifugo, aliomba nafasi mezani, akaondoa kikombe changu cha chai, akaikunjua. Ulikuwa mti wa ukoo wetu, umechapwa kwa rangi katika steshenari moja ya Dodoma, na pembeni umetiwa dhahabu.

Juu kabisa limechorwa taji. Si kibangwa, ile duara ya kombe la baharini waliyoivaa watemi wa upande wetu wa magharibi, bali taji la Kizungu lenye msalaba. Chini ya taji yupo Fundikira wa Unyanyembe. Chini yake yupo Nyungu ya Mawe, mtawala wa Ukimbu. Kutoka kwa Nyungu unashuka mstari mmoja mnyoofu hadi kwa baba wa babu yangu, kisha babu yangu, kisha baba zetu, kisha sisi na watoto wetu. Nilihesabu majina kwa kalamu kama nilivyozoea kuhesabu mahudhurio. Yalikuwa sitini na moja. Hapakuwa na jina hata moja la mwanamke.

"Tunaomba sahihi yako, Baba Mkubwa," alisema. "Wewe ndiye msomi wetu. Ukishatia sahihi, kamati inapeleka kitabu kiwandani."

Ipo karatasi ya pili, ndogo, ambayo hakuikunjua mpaka nilipomwuliza ni ya nini. Ina kichwa cha maneno "Wafuasi wa Ukoo". Imeorodhesha nyumba saba tulizokaa nazo tangu kabla ya mimi kuzaliwa, watu tuliolima nao, tuliozikana nao na kuoleana nao. Chini yake limeandikwa azimio la kamati kwamba wafuasi hawatakuwa na sauti juu ya shamba la ukoo la bondeni, wala hawatazikwa tena katika makaburi ya ukoo, kwa kuwa hawamo katika mti.

Sikutia sahihi. Nimelaumiwa kwa hilo katika misiba miwili na harusi moja, na nimeambiwa kuwa uzee umenifanya mkaidi. Nimefundisha historia miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu wa darasani, halafu mkuu wa shule, na mwisho mkufunzi katika chuo cha ualimu. Si haki nikatae kwa kunung'unika tu kama mtu asiye na hoja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, naziandika sababu zangu hapa, ili anayetaka kunijibu ajibu maneno yangu mwenyewe.

Kwanza niseme wazi kwamba siichukii nyumba ya Unyanyembe. Ni nyumba kubwa, na historia ya nchi hii haiwezi kuandikwa bila kuitaja. Fundikira alitawala pale ambapo njia kuu ya misafara ya kutoka pwani ilipita, Tabora ilipokuwa inachipuka kuwa mji wa wafanyabiashara. Mwanawe Mnywa Sele alithubutu kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu. Wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa, na Mnywa Sele akawa mtemi mkimbizi, akipigana porini hadi alipouawa mwaka 1865. Mkasiwa alipofariki mwaka 1876 alifuatwa na Isike, na Isike ndiye aliyeona heri ajilipue kwa baruti ndani ya ngome yake, Januari 1893, kuliko kushikwa na Wajerumani wa Tom von Prince. Wajerumani wakamkalisha Nyaso, mwanamke, katika kiti kile. Karne iliyofuata, Chifu Abdallah Said Fundikira aliingia katika baraza la mawaziri la Tanganyika huru mwaka 1961 akiwa Waziri wa Sheria, akajiuzulu mwaka 1963, na vyama vingi viliporudi alikuwa kiongozi wa chama cha UMD. Nyumba gani nyingine ya bara imekaa mezani na karne mbili namna hiyo?

Nyungu ya Mawe naye alitoka katika nyumba hiyo. Jina lake lina maana ya chungu cha mawe, chungu kisichovunjika. Ugomvi wa urithi kule Unyanyembe ulipomfungia njia, alitoka na watu wake akaingia Ukimbu, yaani huku kwetu, nchi ya vichaka na pori la Mgunda Mkali ambalo misafara ililiogopa kwa ukosefu wa maji. Katika miaka ya 1870 aliushinda utemi mmoja baada ya mwingine, akaishika njia, akazishika pembe za ndovu. Wenzake wengi waliposhinda vita walichukua ng'ombe wakaondoka, lakini yeye aliweka utawala. Watemi wa zamani aliwaachia matambiko yao, kisha juu yao akaweka watwale, watu aliowateua yeye mwenyewe, wa kukusanya pembe na kuzipeleka kwake Kiwele. Alifariki Desemba 1884, mwezi uleule aliofariki Mirambo. Dola ya Mirambo ilianza kumeguka mara moja. Ya Nyungu ilisimama, na aliyeirithi ni binti yake, Mgalula.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho, ndugu zangu wa kamati. Mrithi wa Nyungu ya Mawe alikuwa binti yake. Katika mti wenu Mgalula hayumo. Mmemrukia mtawala halali, mkashuka kwa mwana wa kiume ambaye historia haimjui, kwa sababu tu mlihitaji mwanamume wa kuutundika mstari wenu.

Na hapo sijagusa bado jambo zito zaidi. Kwa desturi ya Wakimbu, kama kwa Wanyamwezi wengi wa zamani, utemi haukushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Ulipita kwa mama. Mtemi alirithiwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake, kwa kuwa tumbo la dada halidanganyi na tumbo la mke laweza kudanganya. Mtoto wa mtemi aliyezaliwa na mke wa kawaida alikuwa mtoto mwenye heshima, basi. Kiti hakikuwa chake. Biashara ya pembe na bunduki ilianza kuivuruga desturi hiyo, na wakoloni wakaimalizia. Kwa hiyo hata kama mstari wenu ungekuwa wa kweli kuanzia juu hadi chini, wazee wa karne ya kumi na tisa wangeutazama wakauliza: "Huyu mama yake ni dada wa nani?" Na karatasi yenu haina jibu.

Mnajua ni nani aliyetufundisha kuchora miti hii ya baba kwa mwana? Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia machifu, na sheria yake ya mwaka 1926, maofisa wa wilaya walihitaji kujua ni nani chifu halali. Wakazunguka na madaftari wakiuliza: baba yako nani, na baba wa baba yako nani? Aliyejibu kwa mpangilio walioupenda alipata kofia na mshahara. Ulimi wa mtu mwenye njaa ya cheo haukosi babu. Mwaka 1925 tayari serikali ilikuwa imefungua shule Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu, na kuwa na jina katika daftari la bwana shauri kulimaanisha dawati kwa mwanao. Simlaumu mzee wa wakati ule. Alikuwa anatafuta njia ya watoto wake. Lakini daftari la kutafutia mshahara si msahafu.

Ni katika shule hiyo ya Tabora aliposoma Mwalimu Nyerere, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na ni serikali aliyoiongoza iliyofuta uchifu kwa sheria ya mwaka 1963. Mtoto wa mtemi ndiye aliyezima. Sasa moto umewashwa tena. Tangu Septemba 2021, machifu walipomsimika Rais Samia Suluhu Hassan kule Kisesa, Magu, na kumpa jina la Chifu Hangaya, kila ukoo unatafuta kigoda chake. Sina ugomvi na ngoma wala na mavazi. Watu wakikumbuka mila zao wakafurahi, mimi nami nitakwenda kutazama. Ugomvi wangu ni na karatasi ya pili.

Basi niseme nilichoambiwa na babu yangu.

Babu alizaliwa wakati Wajerumani wamekwisha kuketi Kilimatinde, akafariki mwaka 1968, mimi nikiwa na miaka kumi na minane. Usiku wa kiangazi alipenda kuota moto uani, na mimi ndiye niliyemwekea kuni. Aliniambia kwamba baba yake hakuwa mtoto wa Nyungu ya Mawe. Alikuwa rugaruga wa Nyungu ya Mawe. Rugaruga walikuwa vijana wa vita waliookotwa kila mahali, watumwa waliotoroka, wapagazi walioachwa na misafara, yatima wa vita vya jana. Walijipamba kwa manyoya na vitambaa vyekundu, wakavuta bangi, wakamwogopa bwana wao kuliko kifo. Inasimuliwa kwamba Nyungu aliwaita magogo. Katikati ya mapigano, watu wake walipoanguka, alipaza sauti magogo mengine yaongezwe motoni. Baba wa babu yangu alikuwa gogo ambalo halikuungua. Alikotoka hakukuambia mtu. Babu alidhani hata yeye mwenyewe hakukujua vizuri.

Malipo ya rugaruga yalikuwa sehemu ya nyara. Katika uvamizi mmoja alipewa msichana. Babu alisema msichana huyo alitekwa akiwa kisimani, upande wa mashariki, nchi ambako mto ukikauka watu huchimba maji mchangani kwa vibuyu. Alikuwa hajavunja ungo. Jina alilopewa na wazazi wake hakulitamka tena, na lile aliloitwa baadaye lilikuwa jina la kuitia tu, kama unavyomwita mtu "wewe". Huyo ndiye mama wa babu yangu. Huyo ndiye mama yetu sote.

Sasa fikirini pamoja nami, maana hapa ndipo panaponiuma. Katika nchi ile, mtu huru alipooa, watoto walikuwa na mjomba. Mjomba alikuwa na dai lake. Mke akiteswa, alirudi kwao na watoto wakamfuata. Lakini mwanamke aliyetekwa hakuwa na kwao. Hakuna mjomba aliyekuja kuuliza, hakuna mahari yaliyokumbushwa, hakuna mlango wa kurudi. Watoto wake wote walikuwa wa mume, bila mgawanyo. Ndiyo maana watu wa vita waliwapenda mateka kuwa wake, maana kwao ndiko mwanamume aliweza kupata ukoo unaoshuka kwa baba peke yake. Mstari huo mnyoofu mnaojivunia, wa baba kwa mwana, baba kwa mwana, usio na tawi la upande wa mama, haukunyooshwa na ufalme. Ulinyooshwa na msichana asiye na mjomba. Ukoo wetu ulianza na watu wawili wasio na ukoo.

Ushahidi wangu uko wapi? Uko katika matumbo yenu. Sisi hatuli pundamilia. Babu hakula, baba hakula, na katika msiba wa mwaka jana nilimsikia mwenyekiti wa kamati mwenyewe akimkanya mjukuu wake kwamba ngozi ya mnyama huyo haikaliwi katika nyumba yetu. Nenda ukaulize kwa nyumba za watemi kama huo ni mwiko wao. Babu alinieleza: ni mama yake aliyekataa. Walimpiga akakataa, wakamnyima chakula kingine akakataa. Hakuwa na jina, hakuwa na lugha ya kwao, hakuwa na mtu, lakini alikuwa na mwiko wa watu wake, akawapa watoto wake, nao wakatupa sisi. Ninyi mnaomfuta karatasini mnamtii kila siku mezani.

Wapo walionijibu, na jibu lao moja ni zuri, sitalikwepa. Walisema: wazee wetu walikataza kutaja asili ya mtu aliyekuja kwa kutekwa. Aliyemwita mwenzake mtumwa alitozwa faini ya mbuzi. Sasa wewe, mwalimu, unafukua kile ambacho wazee walikizika kwa hekima. Ni kweli. Nilimwona babu akikasirika sana kwa neno hilo, na hata mimi aliniambia usiku, moto ukiwa umefifia, na akaniapisha nisiwatangazie watoto wa jirani. Kisheria utumwa ulikuwa umekwisha kufutwa Tanganyika mwaka 1922, lakini ndimi hazikuisoma sheria ile. Wazee waliona kwamba kijiji chenye watu waliotoka kila upande hakiwezi kukaa ikiwa kila asubuhi mtu anaulizwa bibi yake alinunuliwa kwa vitambaa vingapi. Wakanyamaza ili wote wawe sawa.

Lakini ninyi mmenyamaza upande wenu tu. Mmemficha mateka wetu nyuma ya taji la dhahabu, kisha mkawaandika mateka wa jirani kwenye karatasi ya pili. Mbuzi wa faini angetoka zizi gani leo kama si la kamati? Ukimya wa wazee ulikuwa blanketi la kufunika watu wote. Ninyi mmelikata, nusu mkajifunika, nusu mkaitupa. Nyumba zile saba asili yao ni asili yetu. Tofauti ni kwamba sisi tulipata mtoto mmoja aliyesoma kwa wamisionari na mwingine aliyefanya kazi reli, tukanunua mabati mapema. Kwa hiyo nimevunja kiapo nilichompa babu, tena kwa maandishi. Nitajibu kwake nitakapofika.

Tulipokuwa wanafunzi wa ualimu tulikaririshwa nasaba za wakubwa wa Ulaya kuliko za watemi wetu, na chache hazijanitoka kichwani. Ilikuwapo nyumba moja kule Poitou, Ufaransa, nyumba ya Lusignan. Wa kwanza kujulikana, katika karne ya kumi, aliitwa Hugues Mwindaji. Na nikumbushe kwamba watemi wengi wa kwetu nao huanziwa na mwindaji mgeni aliyegawa nyama. Kutoka ngome moja ndogo walipanda. Guy wa Lusignan alikuwa mfalme wa Yerusalemu mwaka 1186, na hakuupata ufalme huo kwa baba yake, aliupata kwa mkewe Sibylla, aliyekuwa na haki ya kiti. Mwaka uliofuata alishindwa na Salahuddin pale Hattin, akateremka hadi kisiwa cha Kupro, na kizazi cha nyumba yake kikatawala huko hadi karne ya kumi na tano. Nyumba iliyopanda kwa bahati, kwa vita na kwa wanawake. Kama ya Nyungu, kama zote.

Walipokuwa wakubwa, nao walitafutiwa asili inayolingana na ukubwa wao. Mwishoni mwa karne ya kumi na nne Jean d'Arras aliandika kitabu kinachosema kwamba mama wa kwanza wa ukoo ule aliitwa Mélusine, mwanamke wa ajabu ambaye kila Jumamosi aligeuka nyoka kuanzia kiunoni kwenda chini. Wanafunzi wangu chuoni walicheka sana kila nilipowasimulia. Mimi mwenyewe nilicheka, mpaka siku ile mezani. Wafaransa wale walimpa mama yao mkia wa nyoka, lakini walimwandika. Hawakuona aibu kusema kwamba ngome zao zilijengwa na mwanamke ambaye hakuna aliyejua alikotoka.

Na hapa kwetu Singida hatukosi mfano. Uwanja wa mpira wa mkoa sasa unaitwa Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani, na simulizi inasema aliwatumia nyuki. Wanaume elfu hukaa ndani ya jina la mwanamke kila timu ya nyumbani inapocheza, wala hakuna aliyepungukiwa ndevu.

Mwana wa mdogo wangu ni kijana mwema, na sikutaka arudi Itigi na bomba tupu. Nilichukua penseli. Nilifuta taji, ingawa rangi ya dhahabu haifutiki kwa ufutio, ikabaki alama ya njano kama ya mafuta. Nikakata mstari kati ya Nyungu na baba wa babu, na pembeni ya huyu nikaandika "rugaruga". Kisha nikachora kisanduku kando yake, nikaunganisha kwa mstari wa ndoa, na kutoka hapo nikachora mishale hadi pale palipo na nafasi, nikamwambia azirudishe zile nyumba saba katika karatasi ya kwanza.

Alikitazama kisanduku muda mrefu.

"Sasa tumwandike nani, Baba Mkubwa? Jina lake hatulijui."

"Andikeni mwanamke aliyetekwa kisimani, ambaye hakula pundamilia."

Alikunja karatasi akairudisha katika bomba. Alikaa akanywa chai iliyokuwa imepoa, akaniuliza kama kweli mama yule alipigwa, na nani aliyempiga. Nilimwambia kwamba ni mumewe. Hakuuliza tena. Saa kumi alipanda basi la Itigi. Hadi leo kitabu hakijachapwa, wala kamati haijarudi kwangu. Ila nimesikia kwamba mwezi uliopita alifariki mzee mmoja wa zile nyumba saba, na kijana wetu ndiye aliyekwenda na jembe mapema asubuhi, kabla kamati haijakutana, akaanza kuchimba kaburi katika makaburi ya ukoo.